Kijana, kibali chako kitashikwa na nani?

KIJANA mmoja wa Mbagala, fundi umeme mwenye umri wa miaka 24 na cheti cha VETA, alipanda ngazi za ofisi yetu wiki iliyopita akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Tulidhani amekuja kushtaki mtu, maana wengi wanaopanda ngazi zile huja kushtaki. Kumbe amekuja kuomba ushauri. "Wazee," alisema, "nataka kuondoka nchini. Nisaidieni kuchagua niende wapi."

Ndani ya bahasha mlikuwa na mambo matatu. La kwanza ni mkataba wa miaka miwili wa udereva wa familia huko Saudi Arabia, mshahara riyali 1,500 kwa mwezi, yaani kama dola 400 hivi. Mkataba huo aliletewa na mtu anayejiita wakala, ambaye ofisi yake ni simu ya mkononi, na ambaye anataka alipwe milioni moja na nusu kabla ya mwisho wa mwezi. La pili ni namba za binamu yake aliyeko Durban, anayemhakikishia kuwa Bondeni maisha yapo, njoo tu. La tatu ni fomu ya kujiunga na kozi ya Kijerumani, ambayo hata yeye mwenyewe aliionyesha kwa haya kidogo, kama mtu anayekiri ndoto.

Tunalileta suala lake mbele ya wasomaji kwa sababu bahasha kama ile ziko nyingi mno katika nchi hii. Tangu enzi za vijana wa bandarini waliozamia melini bila kujua meli inatia nanga wapi, mpaka wale waliokesha wakijaza fomu za bahati nasibu ya viza za Marekani (iliyotoa hadi viza 55,000 kwa mwaka, hadi serikali ya huko ilipotangaza kuisimamisha Desemba 2025), swali linaloulizwa vijiweni limekuwa lile lile: huko wanalipa kiasi gani?

Sisi tunasema swali hilo liwe la pili. La kwanza ni hili: ukifika huko, kibali chako kitashikwa na nani?

Tuanze na Uarabuni, maana ndiko wengi wa watoto wa walalahoi wanakopelekwa. Katika nchi za Ghuba upo utaratibu unaoitwa kafala. Mfanyakazi mgeni huingia kwa mgongo wa mtu mmoja, kafili, na ukaazi wake wote umefungwa kwa mtu huyo. Ukigombana naye huna kazi, na ukikosa kazi huna kibali. Ukitoroka unahesabiwa mkosaji wewe, si yeye aliyekunyima mshahara. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu wasichana na akina mama wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Humo wamo walionyang'anywa pasi za kusafiria, waliofanya kazi usiku na mchana bila siku ya mapumziko, waliopigwa na waliodhalilishwa. Wakati huo sheria ya kazi ya Oman haikuwahusu kabisa wafanyakazi wa majumbani.

Ni kweli mambo yamesogea. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la ruhusa ya mwajiri wa zamani kwa anayetaka kuhama kazi. Oman ililegeza masharti yake kuanzia Januari 2021, na Saudi Arabia ikafuata Machi mwaka huo huo. Lakini msomaji asome herufi ndogo. Mageuzi yale ya Saudi Arabia yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, watunza bustani, na madereva wa familia. Kijana wetu alipoambiwa hivyo aliurudia mkataba wake na kulisoma tena neno "familia" kana kwamba analiona kwa mara ya kwanza.

Haya, Durban je? Binamu hasemi uongo. Ananyoa watu nywele, anakula, na kila baada ya miezi kadhaa anatuma chochote nyumbani. Asichosema ni kwamba kibali hana, na asiye na kibali hashikwi na kafili mmoja tu. Yeyote mtaani anaweza kumshika. Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa Afrika Kusini katika ghasia za kuwafukuza wageni. Ghasia zikarudi mwaka 2015, zikarudi tena 2019, na tangu 2021 kuna kundi la Operation Dudula lililofika hadi kusimama kwenye milango ya zahanati kuwazuia wageni wagonjwa. Tuliosimama na ndugu hao wakati wa ukombozi tunaona uchungu kuyaandika haya, lakini kumficha kijana ni kumtupa.

Isidhaniwe kuwa tunawasema Waarabu na Waafrika wenzetu huku tukiwapigia magoti Wazungu. Kafili yuko hata Uingereza, ila kule amevaa tai. Februari 2022 Waingereza waliufungua mlango kwa wageni wa kulea wazee na wagonjwa. Maelfu walikimbilia, wengine wameuza viwanja. Viza ile ilifungwa kwa mwajiri aliyemdhamini mfanyakazi. Kampuni ikinyang'anywa leseni ya udhamini, na nyingi zilinyang'anywa, mfanyakazi alipewa siku 60 tu kupata mdhamini mwingine au kufunga virago. Machi 2024 wakaambiwa wanaoingia wasilete wenzi wala watoto. Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Miaka mitatu na ushei, biashara imekwisha! Aliyeuza kiwanja akiamini Ulaya ni Ulaya, kiwanja hakirudi.

Sasa ile fomu iliyoonyeshwa kwa haya. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina kadi inayomruhusu mwenye ufundi wa miaka miwili au zaidi, unaotambuliwa na serikali ya kwao, kwenda kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja. Lakini lazima uonyeshe fedha za kujikimu zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi wa kukaa huko. Kijana alicheka, nasi tukacheka naye. Mtu anayehangaikia milioni na nusu atazitoa wapi euro 12,000?

Iko njia nyingine, ndefu na isiyo na mbwembwe. Unasoma Kijerumani hapa hapa, ambacho kinafundishwa Dar es Salaam kwa miaka mingi, mpaka ufikie kiwango kinachotakiwa. Kisha unatafuta kampuni, kiwanda au hospitali ya kule ikuchukue kama mwanafunzi wa kazi. Unalipwa ukiwa unajifunza, na uuguzi kwa mfano huchukua miaka mitatu. Tofauti kubwa iko hapa: mafunzo yakivunjika bila kosa lako, sheria yao inakupa hadi miezi sita kutafuta nafasi nyingine. Linganisha na siku 60 za London, halafu linganisha na yule ambaye pasi yake imo kwenye kabati la tajiri.

Hatusemi Ujerumani ni pepo. Baridi ipo, ubaguzi upo, na lugha ile inavunja meno. Kijana atapoteza mwaka mmoja au zaidi akisoma huku wenzake wakituma picha za magari ya watu. Sisi tulimwambia aupoteze. Tulimwambia pia jambo ambalo hakupenda kulisikia, kwamba kama haendi huko basi afikirie Nairobi au Kigali kabla ya Dammam, kwani kutoka huko anaweza kurudi nyumbani kwa basi siku mambo yakiharibika. Alikunja uso. Hakuna anayeagwa kwa vifijo akienda Kigali.

Na hapa ndipo tunapowageukia wakubwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imeanza kazi tangu Julai 2010, na ndani yake kuna uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Miaka 15 baadaye, Julai 2025, serikali yetu ikatoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara ndogo ndogo, na Wakenya wakalalamika kwa haki kabisa. Ukimfungia jirani mlango, utamwombaje amfungulie mwanao wake?

Kenya ilisaini makubaliano ya uhamiaji na ajira na Ujerumani Septemba 2024, yaani serikali kwa serikali, kwa wino na mbele ya kamera. Kijana wa Mombasa akienda, ana karatasi nyuma yake. Wa Mbagala ana nini?

Kibaya zaidi ni hili la uraia. Ujerumani, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ngumu kama jiwe katika suala hilo, tangu Juni 2024 inamruhusu mgeni aliyekaa kihalali kwa miaka mitano kuomba uraia bila kuutupa wa kwao. Nani basi atakayemnyang'anya kijana wetu Utanzania wake? Ni Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 1995! Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba yake ya 2010, na Uganda ilitangulia kwa sheria ya 2009. Sisi mwaka 2025 tukatunga kitu kinachoitwa "hadhi maalum", ambacho ukikivua kanzu unakuta ni ugeni wenye jina zuri. Fedha za aliye ughaibuni zinapokelewa kwa mikono miwili, kura yake haitakiwi, na akichukua pasi ya pili anaambiwa kwaheri.

Tunataka orodha ya mawakala wote wenye leseni ya kupeleka watu nje ibandikwe katika kila ofisi ya kata, pamoja na namba za leseni zao. Tunataka mikataba yoyote ambayo serikali imeingia na nchi za Ghuba kuhusu wafanyakazi ichapishwe kwa Kiswahili, ili dada anayekwenda Muscat ajue anaahidiwa nini na nani. Tunataka katika kila ubalozi wa huko awepo ofisa wa kazi anayepokea simu usiku. Na tunataka kifungu kile cha mwaka 1995 kifutwe.

Kijana ameacha nakala ya mkataba mezani kwetu. Jina la wakala limo, namba ya simu imo, namba ya leseni haimo. Wizara inayohusika na ajira ikitaka kuiona, ofisi yetu iko wazi. Wakala anataka fedha zake kabla ya tarehe 30.