Kayaki ya mtoto si sare ya shule

WAZAZI wa mijini tuna tabia moja tununuapo sare za shule. Mtoto wa darasa la tatu hununuliwa sweta ya mtoto wa darasa la tano, mikono ikakunjwa, mama akasema, "Atakulia humo humo." Kwa sweta, hiyo ni busara ya kubana pesa. Kwa chombo cha majini, tabia hiyo hiyo yaweza kumuua mtoto.

Nasema hivi kwa sababu kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki unaoendeshwa kwa kafi lenye mabapa mawili, si mchezo wa watalii peke yao tena. Familia zinazokwenda likizo Kilifi, Watamu au Diani huzikodi, na mtoto akishaonja raha hiyo hurudi nyumbani akidai yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Yafaa ieleweke kwamba wahenga hao hawakuwa wakizungumzia bahari.

Sisemi mtoto anyimwe. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka mitano hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi kila siku, na watoto wetu wa magorofani wanashinda mbele ya televisheni na simu. Kupiga kafi kunajenga mabega, mgongo na mapafu. Ninachopinga ni ununuzi wa pupa.

Wainuit wa nchi za barafu, ambao mababu zao ndio waliobuni chombo hiki, hawakununua kayaki ya kukulia. Kila mwindaji aliundiwa yake kwa vipimo vya mwili wake. Kwa desturi, urefu ulikuwa mara tatu ya mikono yake akiinyoosha, na upana wa mahali pa kukaa ulikuwa nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Watu ambao maji yao yalikuwa ya baridi ya kuua walijua kwamba chombo kisichomtosha mtu ni adui yake.

Kwa hivyo, mzazi, ukienda kununua au kukodi, chukua vipimo vitatu. Kwanza, je, mtoto anaweza kuiburuta mwenyewe mchangani? Kayaki za watoto huwa na urefu wa futi sita hivi na uzani wa kilo nane hivi. Ya mtu mzima huweza kuwa futi 10 au zaidi, na kilo 20 na zaidi. Mtoto mwepesi ndani ya chombo kikubwa huelea juu juu, na upepo humsukuma kama kikombe cha plastiki.

Pili, je, akiwa ameketi, kafi linafika majini pande zote mbili bila yeye kuinua viwiko hadi masikioni? Chombo kikiwa kipana mno, mtoto hugonga ubavu wake kila anapopiga, na jioni hulalamika mabega. Kafi nalo liwe la mtoto, la sentimita 160 hadi 190 kulingana na kimo chake, na mpini mwembamba unaoenea kiganjani. Kafi la baba humchosha kabla hajafika popote.

Tatu, na hiki ndicho kipimo kikubwa, je, akianguka anaweza kuipanda tena mwenyewe? Kayaki hupinduka. Hiyo si bahati mbaya, ni desturi yake. Kwa sababu hiyo, mtoto anayeanza apewe ile ya kukalia juu, yenye matundu ya kutoa maji, wala si ile ya kuingiza miguu ndani. Ile ya kuingia ikipinduka hujaa maji, na mtoto aliyeshikwa na hofu huenda asijue kuchomoa miguu. Mpeleke kwenye maji yanayomfika kiunoni, ipindueni makusudi, aipande, ipindueni tena. Asiyeweza bado zoezi hilo, au asiyesikia maagizo, na aketi mbele ya mzazi kwenye kayaki ya watu wawili.

Hata hivyo, kuna vitu viwili vinavyotangulia chombo chenyewe. Cha kwanza ni kuogelea. Cha pili ni jaketi la kuokolea maisha, na hapa tabia ya sweta ni mbaya kuliko kote. Jaketi huchaguliwa kwa uzani wa mtoto, wala si kwa umri wake. Mfunge vifungo vyote, kisha liinue kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Akitumbukia, yeye atateleza chini nalo litabaki juu. Kwa mtoto mdogo, chagua lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Maboya ya kujaza pumzi ya mikononi ni vitu vya kuchezea tu.

Baadhi ya wasomaji watasema natia chumvi, kwamba mtoto atacheza karibu na ufuo. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu, na watu zaidi ya 270 wakafa. Maji hayaulizi ufuo uko wapi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021, na zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Isitoshe, mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwani hana pumzi ya kupigia kelele. Mzazi aliye ufuoni akiongea na simu hatasikia kitu.

Chagua pia maji. Kwenye hori kama Kilifi au Mtwapa, maji yakianza kupwa huvuta kuelekea baharini, hasa wakati wa bamvua. Waulize wavuvi wa hapo saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kumwachilia mtoto. Asubuhi huwa na utulivu kuliko alasiri. Naivasha kuna viboko, na Ziwa Victoria kuna kichocho, ambacho humpata mtu kwa kugusa tu maji yenye konokono wa ugonjwa huo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Na iwapo balaa litatokea, usimning'inize mtoto kichwa chini wala kumbinya tumbo ili atapike maji, kama wengi wetu tulivyofundishwa. Huko ni kupoteza dakika, na ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Asipopumua, mpe pumzi za mdomo kwa mdomo mara moja, kisha umkandamize kifua, huku mwingine akiita msaada. Hata akizinduka, mpeleke hospitalini, kwani mapafu yaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Basi, mzazi, kama pesa ni chache, zitumie kwa mpango huu: mafunzo ya kuogelea kwanza, jaketi linalomkaa sawasawa, kafi la kimo chake, na kayaki iwe ya mwisho. Hiyo ya mwisho waweza kuikodi mwaka huu na mwaka ujao, naye akikua ukakodi kubwa zaidi. Akililia ile kubwa ya dukani, mwache alie. Machozi ya dukani hufutika.