Maagizo ya breki yaandikwe kwa Kiswahili

Yamkini msomaji atashangaa kumwona mwalimu wa isimu akiziacha ngeli na viambishi vyake na kujitosa katika shughuli za makanika. Naomba anivumilie. Hoja yangu ni kwamba hapa Kisumu na viungani mwake, watu wengi wanaendesha magari yaliyofungwa pedi mpya za breki ambazo bado hazijawa breki, na kwamba sehemu ya hatari hiyo imesababishwa na lugha.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo inayotuadhibu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ukiacha ziwa lenyewe na uwanda wa Kano, barabara kuu zinazoingia mjini huteremka kutoka milimani: ile ya Kakamega hushuka kupitia Kiboswa na Riat hadi Mamboleo, ile ya Kericho hushuka kuelekea Awasi na Ahero, na ile ya Nandi Hills huporomoka hadi mashamba ya miwa ya Chemelil. Nandi Hills iko karibu mita 2,000 juu. Mwalimu wa fizikia awape wanafunzi wake hesabu hii: matatu iliyojaa, yenye uzito wa tani tatu, ikishuka mita 800, inapoteza nishati inayotosha kuchemsha takriban lita 75 za maji ya kawaida. Injini ikisaidia kwa gia ndogo, na upepo ukichukua fungu lake, mzigo wa breki hupungua. Dereva akiteremka kwa gia huru ili aokoe mafuta, sehemu kubwa ya joto hilo inaishia kwenye diski na vipande vichache vya pedi ambavyo mtu angeweza kuvibeba kwa mikono miwili.

Mnamo Oktoba 2018 basi lilianguka karibu na Fort Ternan na kuua watu zaidi ya 50. Juni 2023 lori lilivamia watu na magari katika makutano ya Londiani, na idadi ya waliofariki ikapita 50 vilevile. Agosti 2025 basi lililobeba waombolezaji lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, pale Mamboleo, likaua watu zaidi ya 20. Sisemi kwamba breki ndizo zilizosababisha ajali hizo. Uchunguzi wa ajali una wenyewe. Nasema tu kwamba anayeishi chini ya mlima hana ruhusa ya kutojua kinachotendeka nyuma ya gurudumu lake.

Basi ni nini kinachotendeka? Wengi hudhani pedi hukwaruza diski tu, kama msasa kwenye ubao, na kwamba ikiwa mpya basi iko tayari. Kwa hakika pedi nyingi hufanya kazi yake barabara baada ya kuacha utando mwembamba sana wa maada yake juu ya diski, ulioenea sawasawa. Msuguano mzuri hutokea baina ya pedi na utando huo. Isitoshe, pedi mpya ina gundi inayoshikilia viungo vyake pamoja, na gundi hiyo ikipata joto kali kwa mara ya kwanza hutoa gesi. Gesi ikitoka kwa wingi katikati ya mteremko wa kwanza, hukaa baina ya pedi na diski, na dereva akikanyaga huona breki ni ngumu lakini gari haliitiki. Kina mama wanaopika chapati wanaijua kanuni hii vizuri kuliko madereva: kaango jipya la chuma hupakwa mafuta na kupashwa moto mara kadhaa kabla ya kukabidhiwa unga.

Kazi ya kuziandaa pedi si ngumu, nayo haimgharimu mtu ila robo saa na mafuta kidogo. Kwanza, kabla gari halijasogea, kanyagio likanyagwe mara kadhaa mpaka liwe gumu, maana bastola za breki zilisukumwa nyuma wakati wa kufunga. Kisha litafutwe eneo tambarare lisilo na msongamano. Uwanda wa Ahero asubuhi ya Jumapili unafaa sana. Gari lifikishwe kilomita 60 kwa saa, breki ikanyagwe kwa nguvu ya wastani mpaka mwendo upungue hadi kilomita 15 hivi, bila kusimama kabisa. Liongezwe mwendo tena, lipewe nafasi ya kupoa kidogo, na tendo hilo lirudiwe mara nane au kumi. Baada ya hapo dereva aendeshe polepole kwa dakika kadhaa akigusa breki kwa nadra, ili zipoe. Akisimama na kuendelea kukanyaga breki ilhali diski ina moto, pedi hubandika alama yake mahali pamoja, na tangu siku hiyo gari hutetemeka kila akipunguza mwendo. Aghalabu fundi huambiwa diski imepinda, kumbe haikupinda; ilichafuliwa. Kilomita 200 au 300 za mwanzo ziwe za upole. Kama mtengenezaji ameandika utaratibu tofauti, ufuatwe wake.

Hapo ndipo taaluma yangu inapoingia. Mtengenezaji ameandika, lakini ameandika kwa Kiingereza, Kijapani, Kichina au Kijerumani, tena kwa herufi za kutafuta kwa miwani, katika karatasi inayotupwa pamoja na boksi. Fundi mmoja wa Kondele, mtu mwenye mikono ya hekima kabisa, nilimuuliza kama huwaeleza wateja jinsi ya kuziandaa pedi. Alinijibu, "Japuonj, wewe funga uende, zitajizoea zenyewe." Simlaumu. Hajawahi kupewa neno la kuitaja kazi hiyo, na jambo lisilo na jina ni vigumu kulidai malipo au kulifundisha mwanagenzi.

Waingereza huitaja kwa neno la kulaza kitandani, nasi hatuna haja ya kuwafuata huko. Fundi yule alikuwa amekwisha kulikaribia jibu. Tunacho kitenzi zoea. Tukikiongezea kiambishi cha kutendana tunapata zoeana, na hapo sayansi yote imo: si pedi peke yake inayozoea, ni pedi na diski zinazozoeana. Tukiongeza usababishi tunapata kuzoeanisha, kama vile patana ilivyozaa patanisha. Napendekeza basi tuseme kuzoeanisha breki. Lugha hii haijawahi kuogopa vyombo vya usafiri. Neno gari tulilipokea kutoka Bara Hindi, na usukani ulikuwa wa chombo cha majini, wenye asili ya Kiarabu, kabla haujawekwa mbele ya dereva. (Breki tulilazimika kuikopa kwa Mwingereza, pengine kwa kuwa nahodha hakuwa nayo, mashua za Dunga hadi leo hazina.)

Kuna maandishi mengine ambayo watu huyapita bila kuyasoma, nayo yamepigwa chapa juu ya pedi zenyewe. Pedi nyingi zina herufi mbili pamoja, mathalani FF au GE, kwa mujibu wa mfumo wa wahandisi wa Marekani. Herufi ya kwanza huonyesha kiwango cha msuguano breki zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa moto sana. E ni baina ya 0.25 na 0.35, F ni hadi 0.45, na G ni hadi 0.55. Kwa hiyo pedi ya GE inashika kwa nguvu mjini, penye Oginga Odinga Street na taa zake, lakini hulegea inapochemka. Kwa anayeshuka Nandi Hills kila juma, FF ni afadhali. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama italia, na mlaghai naye anaweza kuzichapa, lakini kutozisoma ni sawa na kununua dawa bila kutazama kibandiko.

Vijana wenye Subaru wana kosa la upande wa pili. Tangu Mbio za Safari ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, wapo wanaotamani pedi za mashindano kwa gari la kwendea kazini. Pedi hizo zimeundwa kufanya kazi katika joto la mamia ya digrii. Dereva wa mashindano huzipasha moto kabla, tena huzizoeanisha kwa mwendo mkali na kuziacha zipoe kabisa kabla ya kushindana. Asubuhi ya baridi, mtoto akikatiza barabara mbele ya lango la shule, pedi hizo ni dhaifu kuliko zile za bei ya chini. Aidha hula diski na kupiga kelele. Anayetaka kushindana awe na seti mbili.

Kuhusu vumbi la breki nitasema machache: lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani, na hakuna ajuaye kila kilichomo katika pedi za bei ya kutupa. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Nani basi ayaandike maagizo hayo? Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili; Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kuifaidi bidhaa kikamilifu. Ukiziweka ibara hizi mbili pamoja, ni bayana kwamba mwagizaji wa pedi anapaswa kutia ndani ya boksi karatasi moja ya Kiswahili. Shirika la viwango la KEBS linaweza kulidai jambo hilo kama linavyodai alama yake ya ubora. Nasi wa vyuoni tujitolee kutafsiri. Ni kazi ya alasiri moja, na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wangeifanya kwa furaha kuliko uchambuzi wa sentensi ninaowapa.

Wakati tukingoja, walimu wenzangu, kila shule yenye basi la manjano ina daftari la matengenezo. Likaguliwe kabla ya safari ya michezo au ya tamasha za muziki. Mwulizeni dereva pedi zilibadilishwa lini, ni za herufi gani, zilibadilishwa pande zote mbili za ekseli, na zilizoeanishwa wapi. Akijibu kwamba zilifungwa jana jioni na kesho mnapanda Kericho, ahirisheni safari mpaka apitie Ahero.