Tumbusi wanapungua: sumu ya usiku mmoja, hasara ya miaka

Mfugaji wa Siha au Longido akiamka na kukuta fisi au simba ameua ng'ombe wake, hasira yake tunaielewa. Ng'ombe huyo ni ada ya shule na akiba ya nyumba nzima. Wapo wanaochukua dawa ya kuulia wadudu shambani, wakaitia kwenye mzoga na kumsubiri mnyama arudi usiku. Lakini kabla fisi hajarudi, tumbusi huwa wameshafika.

Tumbusi, ambao wengine huwaita tai mizoga, hutafuta chakula kwa macho wakiwa juu angani. Mmoja akishuka, wenzake walio mbali humwona na kumfuata. Ndiyo maana mzoga mmoja wenye sumu huua makumi ya ndege. Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, simba 6 na tumbusi 74 walikutwa wamekufa baada ya kula mizoga ya ng'ombe yenye sumu. Mwaka 2019 huko Botswana, tumbusi zaidi ya 500 walikufa kwenye mizoga ya tembo iliyotiwa sumu. Majangili hufanya hivyo makusudi, kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari mahali tembo alipouawa.

Mwaka 2015, watafiti waliochunguza aina 8 za tumbusi barani Afrika walikuta wamepungua kwa wastani wa asilimia 62. Sumu na biashara ya viungo vyao kwa dawa za kienyeji ndizo zilizosababisha asilimia 90 ya vifo vilivyoripotiwa. Kuziba pengo hilo si kazi ya msimu mmoja, kwani tumbusi wakubwa kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mwaka.

Je, inatuhusu nini sisi? Tumbusi humaliza mzoga haraka, na tindikali kali ya tumboni mwao huua vijidudu vingi. Wakikosekana, mzoga hukaa muda mrefu, na mbwa na fisi huongezeka kuuzunguka. India imeyaona hayo. Huko tumbusi walikufa kwa mamilioni baada ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Utafiti wa mwaka 2024 ulikadiria kuwa kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya ziada vya watu 500,000 hivi nchini humo kati ya mwaka 2000 na 2005.

Kumwambia mfugaji "usitie sumu" na kuishia hapo hakutoshi. Serikali hutoa kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyamapori, lakini hiyo si fidia ya bei ya ng'ombe. Njia yenye nafuu ni kuzuia hasara kabla haijatokea. Katika Simanjiro, jirani zetu wa kusini, wafugaji wengi wamezungushia maboma yao nyavu za chuma zilizofungwa kwenye miti hai, na simba na fisi hushindwa kupenya usiku. Gharama ya nyavu ni kubwa kwa kaya moja, na hapo ndipo halmashauri na wadau wa uhifadhi wanapopaswa kusaidia.

Tukumbushane pia: sumu haibagui. Mbwa wa boma akila nyama hiyo atakufa, na mtoto anayechunga anaweza kuigusa. Ukikuta tumbusi kadhaa wamekufa pamoja, usiwaguse. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori. Na mfugo akifa ghafla huku damu ikimtoka puani au mdomoni, huenda ni kimeta, ugonjwa ambao umewahi kuripotiwa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha. Usimchune wala usimle. Mwite afisa mifugo, naye ataelekeza namna ya kumzika au kumchoma.