Tuandikwe: Risala ya Wakazi wa Mpwapwa Tuliotoka Nje ya Nchi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wazee wetu, mabibi na mabwana,



Sisi tunaosoma risala hii ni wakazi wa Wilaya ya Mpwapwa tuliozaliwa nje ya Tanzania, pamoja na watoto wetu ambao wengi wao hawajawahi kulala nje ya nchi hii hata usiku mmoja. Tumo Warundi, Wakongo, Wamalawi, Wazambia na wengineo. Yupo aliyekimbia vita, yupo aliyefuata kazi, yupo aliyemfuata mwenzi wake wa ndoa. Tumezaa hapa na tumezika hapa. Ombi letu ni moja, na yote utakayoyasikia baadaye yanatoka humo: tuandikwe. Serikali itutambue kwa maandishi, kila mmoja kwa hadhi anayostahili kisheria, tuache kuishi kwa huruma ya ofisa tutakayemkuta dirishani siku tunayokwenda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maisha yetu ni haya haya ya Mpwapwa unayoyaona. Mvua za Desemba zikianza tunapanda mtama, karanga, alizeti na ufuta sambamba na jirani zetu, na zikikatika Februari kabla mtama haujachanua, tunahesabu hasara pamoja nao. Wenzetu walioko Lumuma wanamwagilia vitunguu. Walioko Mtera wanavua na kukausha samaki wa bwawa. Kule Gulwe wapo akina mama wetu wanaowauzia chakula abiria wa treni, na Mto Kinyasungwe unapofurika na kuila reli ya kuelekea Kilosa, kama ulivyofanya mara nyingi, biashara yao hulala siku ile ile na ya wenyeji. Ugali wetu ni wa uwele, mboga yetu mlenda. Watoto wetu wanaongea Kigogo kwa lafudhi ambayo sisi wazazi hatutaipata kamwe.

Mwenyekiti wa kitongoji anapopita kukusanya mchango wa darasa, anapiga hodi kwetu kama anavyopiga kwa wengine, nasi tunatoa. Mnadani tunalipa ushuru. Penye msiba tunachimba kaburi, tunachota maji, tunalala matanga. Na tunataka wenyeji wetu watusikie tukilisema hadharani: wametupokea vizuri. Miaka ya njaa wapo waliogawana nasi debe la mwisho la mtama. Lalamiko letu halimhusu jirani. Linaanza pale jirani anapoishia na karatasi inapoanza.

Mji huu umewajua wageni muda mrefu kuliko miji mingi ya bara. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa, ikajaza maji na chakula kabla ya kuingia Marenga Mkali, ile nyika kavu ya kuelekea Ugogo. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wamisionari Waanglikana wa CMS wakaja katika muongo ule ule, Wajerumani wakajenga ngome yao, na baada yao Waingereza. Jirani zetu wa Kongwa, ambao zamani walikuwa ndani ya wilaya hii, waliona mradi wa Waingereza wa kulima karanga ukianzishwa mwaka 1947 na kufa baada ya miaka michache. Kisha kuanzia mwaka 1964 wakawaona vijana wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO, ANC na MPLA wakipiga kambi kwenye ardhi ile ile. Vijana wale walikula chakula cha wakulima wa hapa, wakacheza mpira na vijana wa hapa, na wengine wakaacha watoto hapa. Watoto hao leo ni watu wazima wenye wajukuu. Tanzania inajivunia, na ina haki ya kujivunia, kwamba iliwahifadhi baba zao. Tunauliza kama kumbukumbu hiyo inaweza kuwafaa na watoto pia.

Tunaomba tuseme na jambo la mifugo, maana wilaya hii inajulikana kwa mifugo. Ng'ombe aitwaye Mpwapwa, aliyezalishwa kwenye kituo cha utafiti cha hapa kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya damu yake ni ya Red Sindhi na Sahiwal, ng'ombe wa upande wa India na Pakistani, wakachanganywa na zebu wetu, Boran na Ayrshire. Leo hakuna mtaalamu anayemwita ng'ombe wa kigeni. Amepewa jina la mji, amekaa kwenye vitabu vya serikali, na mfugaji anayempata anamshukuru Mungu. Sisi binadamu tuliokuja kwa miguu yetu na kuifanyia kazi ardhi hii tunaomba nafasi kwenye vitabu hivyo hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi sheria ivunjwe. Sehemu kubwa ya tunachokitaka imeshaandikwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, katika kifungu cha 5 inasema kila mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano au baada yake ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia au wa adui aliyeikalia nchi. Ndivyo inavyosomeka. Lakini utendaji umeshika njia nyingine: mtoto anaulizwa kwanza uraia wa mzazi, na kama hakuna mzazi Mtanzania, kifungu hicho kinakaa kimya kana kwamba hakikutungwa. Binti wa mmoja wetu alizaliwa hapa mjini, akasoma msingi hapa, akafaulu kidato cha nne na cha sita kwa alama ambazo mwalimu wake alizitangaza mbele ya wazazi wote. Alipotaka kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambao ni wa raia peke yao, akaambiwa alete uraia wa baba. Baba alizaliwa Burundi. Mwaka huo binti alirudi kupalilia alizeti za kaka yake, na mwaka uliofuata hakuuliza tena. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mpwapwa. Hana kijiji kingine anachoweza kukiita kwao.

Kwa sisi wazazi ipo njia ya uraia wa tajnisi. Jedwali la Pili la sheria hiyo linadai mwombaji awe amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba ndani ya miaka kumi iliyotangulia, awe na tabia njema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Wengi wetu tumevuka miaka hiyo mara mbili au tatu. Kiswahili ndicho tunachokisoma mbele yako sasa hivi. Kinachotushinda ni ada, ni nauli za kwenda na kurudi kufuatilia, na ni ule ukimya wa muda mrefu baada ya kupeleka maombi. Tena kifungu cha 23 kinasema Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali au kukataa, na uamuzi wake hauwezi kupelekwa mahakamani. Mtu anangoja bila kujua alikosea wapi, wala kama alikosea.

Hapa tungependa kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili linavunja nyumba zetu. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mume wake akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye apite njia ndefu kama mtu asiye na mke wala watoto hapa. Miongoni mwetu yupo mzee aliyetoka Zambia akiwa kijana na kumwoa binti wa Kibakwe. Walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wakasomesha watoto, wakapanda miembe. Kiwanja kiliandikwa kwa jina la mke, kwa kuwa sheria ya ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mke alipofariki, ndugu wa marehemu walikaa kikao siku ya arobaini, na mzee akajikuta anaulizwa ataondoka lini. Hakufukuzwa, kwa sababu wanawe walisimama imara. Lakini tangu siku hiyo analala katika nyumba aliyoijenga akijua kwamba hana cha kushika mkononi. Ingekuwa mke ndiye mgeni na mume ndiye Mtanzania, hadithi ingekuwa nyingine. Hatuoni ni maslahi gani ya Taifa yanayolindwa na tofauti hiyo, na tunaamini Bunge likiitazama vizuri halitayaona.

Mume wa kigeni, mkewe akiwa hai, anaweza kukaa kwa hati ya mtegemezi, ila hawezi kufanya kazi ya ajira bila kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia. Fundi seremala mwenye watoto wanne anaandikwa kuwa mtegemezi wa mke anayeuza nyanya.

Kuhusu simu tuseme kwa ufupi. Tangu Januari 20, 2020, laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilianza kuzimwa, na usajili unataka namba ya kitambulisho au hati nyingine inayotambulika. Asiye nayo anaazima laini ya jirani. Fedha anayotumiwa inaingia kwa mtu mwingine, na likitokea tatizo hana pa kulalamika.

Kisha kuna hofu. Mwaka 2013 wakati wa Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita, watu waliokaa nchini miongo kadhaa, wenye wake na waume Watanzania, walijikuta mpakani na vifurushi vyao. Mpwapwa ni mbali na kule, lakini habari zilifika, na hofu ile haijatutoka. Hadi leo ugomvi mdogo wa mpaka wa shamba unaweza kumalizwa kwa neno moja: "Huyu si raia." Neno hilo likitamkwa, mwenye haki hunyamaza na kuondoka.

Nchi hii inajua kufanya vizuri kuliko hapo. Mwaka 1980, chini ya Mwalimu Nyerere, ilitoa uraia kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, na mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mauaji ya 1972, walipata uraia. Wazigua waliorudi kutoka Somalia, ambao babu zao walichukuliwa kwenda kule katika karne ya 19, walipewa makazi Chogo, Handeni, na wakapewa uraia. Wote hao walikuwa wengi na walikaa pamoja, kwa hiyo walionekana. Sisi tumetawanyika, kaya moja kitongoji hiki, mbili kile, na huenda ndiyo sababu hatukuonekana.

Kwa hiyo tunaomba lifanyike zoezi maalumu la kutuandikisha katika kata tunakoishi, serikali ya kijiji na wazee wakiwa mashahidi, kwa sababu wao ndio wanaojua nani aliingia lini na ameishi vipi. Tunaomba utolewe mwongozo wa maandishi juu ya kifungu cha 5 kwa watoto waliozaliwa hapa, na mwongozo huo ukisubiriwa, asiwepo mwanafunzi anayesimamishwa masomo kwa kosa la mahali alipozaliwa babake. Tunaomba kifungu cha 11 kirekebishwe kiseme mwenzi, mume au mke. Tunaomba mjane na mgane asiye raia alindwe kisheria aendelee kuishi katika nyumba ya ndoa yake. Ada ya tajnisi ipunguzwe au ilipwe kwa awamu kwa mkulima mdogo, na anayekataliwa aambiwe sababu. Serikali imeshakubali wazo la hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walioko ughaibuni na wenye uraia wa nchi nyingine. Moyo huo huo tunauomba kwa waliozaliwa kwingine na wakaichagua Tanzania.

Vyombo vya usalama vituchunguze. Mwenye hatia miongoni mwetu ashtakiwe kwa hatia yake, nasi hatutamkingia kifua.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi orodha ya majina yetu, vijiji tunakoishi, nchi tulizotoka na miaka tuliyoingia. Wamo wenye hati na wamo ambao hati zao zimekwisha muda. Wamo pia wasiokuwa na hati yoyote. Hakuna aliyetulazimisha kuiandika, na kila mmoja alisomewa hatari yake kabla ya kutia dole gumba.

Tunaomba kuwasilisha.