Tukivue Kiswahili Magwanda

Mchezo huu sote tunaujua. Wanafunzi wameandaa igizo la kufunga muhula. Wazazi wameketi, mwalimu mkuu yu mstari wa mbele. Wahusika wanazungumza Kiingereza au lugha ya nyumbani, hata anapoingia mmoja aliyevaa gwanda kuukuu la kijani, mkanda kiunoni, rungu mkononi. Kabla hajafungua kinywa, ukumbi mzima umekwisha kujua atasema lugha gani. Na kweli, akifungua kinywa hutoka Kiswahili: "Kuja hapa! Toa pesa!" Watu huangua kicheko, ingawa wazee wengine hucheka bila furaha.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wanafunzi. Katika igizo la namna hiyo lililochezwa shuleni petu, gwanda lile tulilitafuta sisi walimu. Sisi ndio tuliosema kwamba linafaa. Na sisi ndio tulioshangaa wiki iliyofuata, mwanafunzi alipotuuliza kwa nini ajifunze lugha ya kunyang'anya watu.

Dai letu ni hili: vazi la mhusika ni fundisho linalotangulia neno. Kila tumvikapo msemaji wa Kiswahili gwanda na kumpa rungu, tunabomoa kwa jioni moja yale tuliyoyajenga kwa muhula mzima.

Ili tuone jinsi vazi linavyoweza kufanya kazi iliyo bora, yafaa twende mbali kidogo, hadi Urusi, ambako majira ya baridi ni jambo la kuogopwa na theluji huweza kumfukia mtu njiani. Huko alizaliwa mwaka 1950 mchekeshaji Slava Polunin. Mwaka 1968 alianzisha kundi la Litsedei mjini Leningrad, na mwaka 1993 akatoa onyesho lijulikanalo kama Slava's Snowshow, yaani onyesho la theluji la Slava. Onyesho hilo limezunguka nchi nyingi, nalo karibu halina maneno.

Mtu angetazamia kwamba shujaa wa onyesho la baridi atavikwa manyoya toka utosini hadi kisiginoni. La hasha. Mhusika mkuu huvaa vazi la manjano, pana kama gunia, pamoja na viatu vyekundu na pua nyekundu. Wenzake huvaa makoti marefu ya kijani, kofia zenye masikio yaliyotanda huku na huku kama mbawa, na viatu virefu vya bapa. Tuifikiri kazi iliyofanywa hapo. Jukwaa likijaa weupe, rangi ya manjano haimezwi. Yule mtu mnyonge tutamwona hata katikati ya dhoruba. Upana wa nguo unatuonyesha udogo wa aliyemo ndani, mfano wa mtoto aliyevaa nguo za babaye. Na viatu vile virefu havimruhusu mtu kukimbia. Hana budi kuburuza miguu. Basi mwendo wa mhusika umeshonwa na fundi kabla mwigizaji hajapiga hatua ya kwanza.

Limo pia koti. Limetundikwa kwenye nguzo ya kutundikia nguo, na kofia juu yake. Mchekeshaji anayejiandaa kusafiri huja kulipangusa vumbi, kisha huingiza mkono wake mmoja ndani ya mkono wa koti. Mara koti linapata uhai: linamkumbatia, linampangusa yeye, linamtilia barua mfukoni. Twaona watu wawili wakiagana, na mtu ni mmoja tu. Baadaye barua ile huchanwa. Vipande vyake huwa theluji, na theluji huwa dhoruba ya karatasi inayowavamia watazamaji vitini mwao.

Hapo ndipo penye somo letu. Lile jambo la kuogofya katika nchi yao, wasanii wale hawakulivika pembe wala meno. Walilitengeneza kwa barua ya kuagana iliyochanwa. Hofu haikuondolewa, ila sasa ina asili yake, na mtu aweza kuitazama.

Nasi katika Uganda tuna dhoruba yetu. Hatukatai kwamba gwanda lina historia. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni, na mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, katika miaka ambayo wananchi wengi walikisikia kwanza kutoka kwa mwenye bunduki. Anayewaambia wazee wasahau hayo hawatendei haki. Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha uamuzi kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Serikali yaweza kukiingiza Kiswahili darasani kwa uamuzi. Kukivua gwanda haiwezi. Kazi hiyo ni yetu.

Tena gwanda si kwamba linaumiza tu, bali linasema uongo. Nenda Mpondwe siku ya soko, umtazame mama aliyejifunga kitenge akipatana bei na wateja waliovuka kutoka Kongo. Nenda Malaba, uwasikilize madereva wa malori wakingoja zamu yao. Hawa wanakula kwa Kiswahili na kuuguzana kwa Kiswahili. Mbona hawaonekani katika maigizo yetu? Au kwa sababu kitenge hakichekeshi upesi kama rungu?

Tunazijua hoja za wenzetu wanaopinga. Wako wanaotukumbusha kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yaani tusihangaike na mapambo, lugha ni maneno. Methali hiyo twaipenda, lakini inatutetea sisi. Inaonya juu ya nje isiyolingana na ndani. Na nini kisicholingana kuliko lugha ya Shaaban Robert iliyovikwa nguo ya kizuizi cha barabarani?

Wako wanaouliza: mwalimu wa lugha ana haja gani na onyesho lisilo na maneno? Tunawajibu kwa jaribio la dakika kumi. Tundika koti mbele ya darasa. Uliza: Koti hili ni la nani? Limetoka wapi? Lina nini mfukoni? Kisha mwanafunzi mmoja aingize mkono wake, na wenzake waseme wanayoyaona. Koti limemkumbatia. Mkono umemshika bega. Barua imechanwa. Vipande vimeanguka. Ngeli nne zimefanya kazi, na ubao haujachorwa jedwali hata moja. Asiye na maneno mengi hujifunza kwa kuyahitaji, na kitu kisichosema humlazimisha kusema kwa niaba yake.

Wako, mwisho, wanaolia ukosefu wa fedha. Hao wametazama mfano usiowafaa. Kampuni ya Cirque du Soleil ya Kanada ilionyesha mjini New York, kila msimu wa baridi kuanzia 2007 hadi mwanzoni mwa 2011, mchezo uitwao Wintuk, wa kijana aitwaye Jamie anayeisubiri theluji. Na humo mlikuwa na mbwa wakubwa wa manyoya waliochezwa na watu. Vikaragosi vya namna hiyo vyataka mali tusiyo nayo. Lakini tutazame karibu zaidi, Afrika Kusini. Kundi la Handspring la Cape Town lilitengeneza farasi wa mchezo wa War Horse, ulioonyeshwa kwanza London mwaka 2007. Umbo la farasi yule ni fito za henzirani zilizokunjwa, na watu watatu wanaomchezesha wanaonekana waziwazi. Hata hivyo watazamaji humlilia, kwa sababu anapumua: mbavu zake hupanda na kushuka hata anaposimama tu. Kinachomtia mtu imani katika kikaragosi ni pumzi, na pumzi haiuzwi dukani. Mafundo ya migomba tunayo, matete tunayo. Tunayo hata nguo ya magome ya mti wa mutuba, ambayo ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Na theluji? Wanafunzi wa Kasese huiona juu ya Rwenzori mawingu yakifunguka. Wengine na wachane karatasi za mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Hapatakuwa na uhaba.

Twaomba jambo moja liangaliwe. Neno kikaragosi limezoeleka magazetini kama tusi kwa mtu anayeendeshwa na wengine. Mwanafunzi na ajue kwamba tusi lilitoka kwenye sanaa, na kwamba sanaa yenyewe ni ya heshima. Kwani aliye kikaragosi kweli ni yule kijana tuliyemvika gwanda, tukamtia mdomoni maneno mawili ya amri, tukamwambia kwamba hicho ndicho Kiswahili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa maigizo ya muhula ujao. Kwanza, mhusika asipewe nguo kabla wanafunzi hawajaandika sentensi kumi za Kiswahili juu yake: alilala wapi, anamwogopa nani, ana nini mfukoni. Nguo itokane na sentensi hizo. Pili, Kiswahili kiwe kinywani mwa watu wasiopungua watatu wa hali mbalimbali, na mmoja wao awe mtu ambaye watoto wangependa kufanana naye. Tatu, askari akiwamo, asifukuzwe, maana naye ni mwana wa mtu. Lakini tumwone walau mara moja amevua gwanda, ameketi nyumbani akishona kifungo kilichokatika.

Watakaosema tunakuza jambo dogo wakumbuke kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mtoto aliyeiona lugha ikiwa na rungu akiwa na miaka kumi na mitatu hatairudia kwa hiari akiwa na thelathini.

Gwanda lile lingali kabatini shuleni petu. Baadhi yetu walitaka lichomwe. Tumekubaliana lisichomwe. Muhula ujao litatundikwa kwenye nguzo mbele ya ukumbi, bila rungu. Mwanafunzi mmoja ataingiza mkono wake katika mkono wa gwanda, na darasa litaulizwa gwanda hilo linataka kumwambia nini, kwa Kiswahili.