JUA NI LA WOTE, SHAMBA NI LA NANI?



Katika toleo hili tumeona yafaa kuzungumzia jambo ambalo kwa wengi wetu bado ni geni, lakini ambalo, kwa jinsi mambo yanavyokwenda, litabisha hodi vijijini mwetu kabla hatujajiandaa kulipokea. Nalo ni kulifanyisha shamba moja kazi mbili: kulima chini, na juu yake kuvuna umeme wa jua. Jambo hili lina heri nyingi ndani yake. Lina pia mlango wa kumpokonya mnyonge ardhi yake kwa jina la maendeleo. Ni lipi kati ya hayo mawili litakalotokea, hilo litategemea sheria tutakazojiwekea na jinsi sisi wenyewe tutakavyozisimamia.

Kivuli chenye faida

Kwa desturi, kituo cha umeme wa jua hujengwa kwa kufyeka ardhi yote, kuitandaza paneli karibu na udongo, na kuizungushia uzio. Mkulima hubaki nje ya uzio. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Ujerumani, Adolf Goetzberger na Armin Zastrow, walitoa wazo tofauti: paneli ziinuliwe juu na kuachiwa nafasi, ili mwanga wa kutosha ushuke chini na viazi viendelee kulimwa hapo hapo.

Kwetu sisi wazo hili si geni kama linavyoonekana. Mkulima wa Kilimanjaro, katika kihamba chake, amekuwa akipanda kahawa chini ya migomba, na migomba chini ya miti mikubwa, tangu zamani za mababu. Anajua kwamba si kila mmea unalipenda jua kali la mchana, na kwamba kivuli cha kiasi hutunza unyevu wa udongo. Hapa paneli inachukua nafasi ya mti, na matunda yake ni umeme.

Majaribio yamekwisha kufanyika katika ukanda wetu huu, mkoani Morogoro na katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya. Matokeo yake yalionyesha kwamba mazao kadhaa, yakiwemo mahindi, maharage na mboga za majani, yalistawi vizuri katika kivuli hicho, na kwamba maji ya kumwagilia yalihitajika kwa kiasi kidogo zaidi. Paneli nazo hunufaika, kwa maana paneli ikipata joto kupita kiasi hupunguza umeme, na hewa iliyopozwa na mimea iliyo chini yake huipunguzia joto hilo. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya paneli yaweza kukingwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi.

Hata hivyo, tusidanganywe na yeyote atakayekuja kutuambia kwamba njia hii haina gharama. Nguzo ndefu za chuma ni ghali kuliko fremu fupi. Trekta haliwezi kupita kila mahali. Vumbi lazima lisafishwe, na maji ya kusafishia lazima yatoke mahali fulani. Yapo mazao yanayopungua yakinyimwa jua kamili, na zao lililofanya vizuri penye jua kali na ukame laweza lisifanye hivyo penye mawingu na baridi. Ndiyo maana majaribio ya kila eneo ni ya lazima kabla ya kutia saini mikataba ya miaka mingi.

Kwa nini tuzungumze sasa

Kwa mujibu wa sensa, Tanzania ilikuwa na watu milioni 44.9 mwaka 2012, na milioni 61.7 mwaka 2022. Ardhi haikuongezeka. Mashamba yanagawanywa kwa watoto, na watoto wa watoto, hata mengine yamebaki kuwa vipande visivyotosha kulisha nyumba moja. Wakati huo huo taifa linahitaji umeme zaidi, na busara yatuambia tusitegemee maji ya mito peke yake, kwa maana tulikwisha kuonja mgawo wa umeme mwaka 2022 mvua zilipokuwa haba. Kituo cha jua cha Kishapu, mkoani Shinyanga, chenye megawati 50 katika awamu yake ya kwanza na lengo la kufikia megawati 150, ni dalili kwamba safari imeanza.

Kituo cha namna hii hutaka ardhi kiasi gani? Chukueni mfano wa jirani zetu. Kituo cha Garissa nchini Kenya, kilichozinduliwa mwaka 2019, kina megawati 54.6, nacho kimekalia hekta 85, yaani ekari 210. Katika nchi nzima hilo ni tone. Katika kijiji kimoja, eneo hilo laweza kuwa riziki ya kaya nyingi.

Wapo wanaosema, “Basi vituo hivi vipelekwe kwenye ardhi kame isiyo na watu.” Twawaheshimu, lakini twawaomba watazame tena. Umeme hufuata njia kuu za kuusafirisha, na njia hizo hupita karibu na watu. Tena, ardhi inayoitwa tupu mara nyingi ina wenyewe. Huko huko Shinyanga, Wasukuma wamekuwa na desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulizifufua ngitili hizo na kuirudishia uhai nchi iliyokuwa imegeuka jangwa. Mgeni apitaye na gari wakati ngitili imefungwa haoni ng’ombe wala jembe. Akiandika katika ripoti yake kwamba eneo hilo halitumiki, atakuwa amewafuta watu kwa kalamu.

Somo la mbono

Tuliwahi kuona mradi wa nishati ukiingia mashambani. Wilayani Kisarawe, mwaka 2009, kampuni moja ya kigeni ilimilikishwa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa ardhi ya vijiji, ili ipande mbono na kupata mafuta ya kuendeshea mitambo. Wananchi waliahidiwa ajira na huduma. Kufikia mwaka 2011 kazi zilisimama na wafanyakazi wakaachishwa. Lakini ardhi haikurudi kwa wanavijiji, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Mradi ulikufa, hati ikabaki hai.

Hatusemi kwamba jua ni sawa na mbono. Paneli hutoa umeme siku ya kwanza, wakati mbono ulikuwa ahadi ya miaka ijayo. Tunachosema ni kwamba udhaifu ulioonekana Kisarawe haukuwa katika mmea. Ulikuwa katika mkataba na katika utaratibu wa kuhamisha ardhi, na udhaifu huo utamkuta mwekezaji wa jua kama ulivyomkuta mwekezaji wa mbono.

Wenzetu wamefanyaje

Serikali mbalimbali zimekwisha kuona hatari hii, nazo zimeweka masharti. Japani, tangu mwaka 2013, huruhusu nguzo za paneli kusimikwa katika shamba kwa kibali cha muda, ambacho hapo mwanzo kilikuwa cha miaka mitatu, na mkulima hutakiwa kuonyesha kwamba mavuno yake hayakushuka chini ya asilimia 80 ya wastani wa eneo lake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2023, na kwa kanuni za mwaka 2024 ikataka mavuno ya mazao chini ya paneli yasipungue asilimia 90 yakilinganishwa na shamba la mfano lisilo na paneli, na mitambo iondolewe muda wake ukiisha. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts tangu mwaka 2018 limekuwa na utaratibu wa kuulipia zaidi umeme unaotoka katika mashamba ya aina hii, kwa sharti kwamba mimea isinyimwe zaidi ya nusu ya mwanga wa jua katika msimu wa kukua.

Ingawa masharti hayo yanatofautiana, yote yamejengwa juu ya msingi mmoja: shamba hubaki kuwa shamba, na umeme ni mgeni wake. Nguzo zikisimikwa na mazao yakatoweka, ruhusa hukoma.

Tunachokiomba kwa Serikali

Kwanza, sheria itamke wazi shamba la namna hii ni lipi. Bila tafsiri ya kisheria, mtu yeyote atapanda mistari miwili ya mchicha kando ya uzio na kudai kwamba analima. Kiwekwe kiwango cha mavuno, kipimwe kila msimu na afisa ugani kwa kulinganisha na sehemu isiyo na paneli, na matokeo yasomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji.

Pili, ardhi ibaki mikononi mwa kijiji na mwa wenye mashamba. Mwenye mitambo apewe haki ya kupangisha kwa muda uliotajwa, na muda ukiisha au mradi ukifa, ardhi irudi bila mzozo. Pasiwe na sababu ya kuihamisha kuwa ardhi ya jumla kwa ajili ya nguzo ambazo mkulima anaweza kupalilia katikati yake.

Tatu, fedha za kung’oa nguzo na kuondoa paneli zilizochakaa ziwekwe akiba tangu mwanzo. Kampuni iliyofilisika haing’oi kitu.

Nne, wasisahaulike wale ambao majina yao hayamo katika hati. Yupo mama anayelima shamba lililoandikwa jina la mumewe. Yupo mkulima anayekodi nusu ekari kila msimu, ambaye ataambiwa aondoke siku ile mwenye shamba atakapopata mpangaji anayelipa zaidi. Yupo mfugaji anayepitisha mifugo yake hapo kiangazi. Sera isiyowataja watu hawa imekwisha kuwahukumu.

Tano, wakulima wawezeshwe kuwa wamiliki. Utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme, wasiozidi megawati 10, umekuwapo nchini tangu mwaka 2008. Vyama vya ushirika vikipata mikopo ya masharti nafuu na ushauri wa kitaalamu, vyaweza kuuza umeme kama vinavyouza pamba na kahawa. Na kijiji kinachobeba nguzo kisikae gizani huku umeme ukipita juu ya vichwa vya watu wake kwenda mjini.

Tunatambua kwamba Serikali inao wajibu wa kulinda bei ya umeme, na kwamba masharti haya yataongeza gharama kwa kiasi fulani. Lakini gharama hiyo ipo kwa vyovyote. Isipolipwa na mradi, italipwa na kaya iliyopoteza shamba, nayo ndiyo yenye uwezo mdogo kuliko wote.

Wajibu wetu sisi wenyewe

Ndugu zetu viongozi wa walei, kabla sera mpya haijaja, sheria iliyopo inatupa nguvu ambayo wengi hatuijui. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba eneo lisilozidi hekta 250 likitakiwa kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji, ni mkutano mkuu wa kijiji unaokubali au kukataa. Kumbukeni hekta 85 za Garissa. Kwa vituo vya ukubwa huo, uamuzi umo mikononi mwa wanakijiji wote waliotimiza miaka 18, wake kwa waume. Sheria hiyo inasema pia kwamba uhamisho usifanyike kabla ya kukubaliana juu ya fidia: ni ya aina gani, kiasi gani, italipwaje na lini.

Nguvu hii hupotea kwa njia nyepesi sana. Mkutano huitishwa siku ya gulio, wachache hufika, karatasi ya mahudhurio hugeuzwa kuwa karatasi ya idhini. Kwa hiyo twawaomba mfanye mambo matatu. Yasomeni haya katika jumuiya zenu na kuyaeleza kwa lugha ya nyumbani. Wahimizeni watu wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, hasa akina mama na vijana. Na pale ambapo parokia au kigango kina shamba lake, tuwe wa kwanza kuyatimiza masharti tunayowadai wengine, kuanzia na wale wanaokodi vipande katika mashamba hayo.

Akifika mgeni mwenye mradi wa jua, apokewe kwa heshima na apewe kiti. Kisha aulizwe, na majibu yake yaandikwe katika muhtasari wa mkutano: Paneli zitainuliwa kiasi gani kutoka ardhini? Ni mazao gani yamejaribiwa chini yake, na wapi? Nani atapima mavuno? Mkataba ni wa miaka mingapi, nao umeandikwa kwa Kiswahili? Ardhi itabaki ya nani? Anayekodi shamba leo ataenda wapi? Kijiji kitapata umeme lini, na kwa bei gani? Fedha za kuondoa mitambo zimewekwa wapi?

Mwekezaji mwema atakuwa na majibu, na atafurahi kuulizwa. Asiyekuwa nayo arudi akayatafute, na mkutano uahirishwe mpaka atakapoyaleta. Kijiji hakipungukiwi na kitu kwa kusubiri.