Mashine ya Kulimia: Chagua kwa Makini

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini mashine, ewe msomaji, ni sharti uichague.

Ploti ya futi 50 kwa 100 kule Kitengela au Kiambu ni kama sehemu ya nane tu ya ekari. Kwa kazi ya siku moja au mbili kila msimu, heri ukodishe, au mnunue pamoja na majirani, kuliko kutia karo ya watoto katika chuma kitakachoota kutu stoo.

Ukiamua kununua, tazama udongo kwanza. Udongo mwekundu wa Kiambu hulimika kwa mashine nyepesi. Ule mweusi wa Kitengela ukikauka, mashine hiyo hurukaruka juu yake tu. Ngoja uwe na unyevu, lakini si tope.

Kisha muulize mwenye duka: meno na mikanda ya kubadilisha inapatikana? Akibabaika, nenda zako, hata bei ikiwa nafuu namna gani.

Mwisho, kabla ya kuiwasha, hakikisha oili imo. Mashine nyingi huuzwa zikiwa kavu, na injini isiyo na oili huungua mara moja.